Magnolia: Mti wa Manukato Uliofunzwa Kuchelewa

Magnolia ni miongoni mwa mimea ya maua ya kale kabisa duniani. Jamaa zake walikuwapo kabla nyuki hawajaenea, na hadi leo maua yake huchavushwa hasa na mbawakawa. Katika ukoo wake mpana wamo mkungumanga, mstafeli na mlangilangi, miti ambayo wenyeji wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa. Miti hiyo hukaa penye joto. Magnolia kadhaa, kinyume chake, huvumilia theluji.

Ulaya ilipata magnolia yake ya kwanza mwaka 1688, pale kasisi John Banister, aliyekuwa Virginia, alipomtumia Askofu Henry Compton wa London mmea unaoitwa sasa Magnolia virginiana. Ulipandwa katika bustani ya askofu huko Fulham. Jina lilikuja baadaye: mwaka 1703 Mfaransa Charles Plumier alimuenzi kwa jina hilo Pierre Magnol, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, naye Linnaeus akalishika mwaka 1753. Maua ya virginiana ni madogo, meupe, na yananukia kama limau. Mti huo huota porini hadi Massachusetts na huchanua majira ya joto yakiwa yameshaingia. Thamani ya kuchelewa huko ilikuja kueleweka baada ya muda mrefu.

Mwaka 1780 iliwasili Uingereza magnolia ya Kichina, Magnolia denudata, iliyokuwa imekuzwa China tangu enzi ya Tang. Maua yake ni makubwa, meupe, yenye harufu ya kupendeza, na hutoka kabla ya majani. Hapo ndipo penye balaa. Matumba ya magnolia za namna hii huumbika majira ya joto yaliyotangulia, kisha hulala miezi yote ya baridi yakiwa yamefunikwa kwa maganda yenye manyoya. Yakiwa yamefungwa hustahimili baridi kali. Siku chache za jua mwezi Machi huyafungua, na usiku mmoja wa jalidi hugeuza mti mzima kuwa wa kahawia. Basi adui mkubwa wa bustani za kaskazini si Januari, bali ni jalidi inayorudi watu wakidhani imekwisha.

Étienne Soulange-Bodin, aliyewahi kuwa ofisa katika jeshi la Napoleon, hakulitatua tatizo hilo, ingawa sifa zake zilivuma kuliko za wote. Mwaka 1820, huko Fromont karibu na Paris, alichanganya denudata na Magnolia liliiflora ya maua ya zambarau. Chotara huyo alichanua mara ya kwanza mwaka 1826, na leo ndiye magnolia inayoonekana zaidi katika miji ya Ulaya. Ni mzuri, lakini bado huwahi mno.

Ustahimilivu wa baridi ulitafutwa Japani. Magnolia stellata, mti mdogo wa maua yenye petali nyembamba kama nyota, ulifika Marekani mwaka 1862 katika shehena ya daktari George Rogers Hall. Nayo Magnolia kobus hukua hadi Hokkaido, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Mjerumani Max Löbner aliichanganya miwili hiyo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1939 Karl Sax wa Arnold Arboretum, Boston, akaurudia mchanganyiko huo na kupata 'Merrill', mti imara wenye harufu.

Jibu la jalidi lenyewe lilitoka Washington. Mwaka 1955 na 1956, Francis de Vos na William Kosar wa bustani ya taifa ya miti walichanganya liliiflora na stellata, wakapata aina nane zilizopewa majina kama 'Ann', 'Susan' na 'Jane'. Hizi huchanua wiki mbili hadi nne baada ya stellata, na 'Jane' husifiwa kwa harufu. Brooklyn nako kulizaliwa 'Elizabeth' ya manjano, iliyosajiliwa mwaka 1977 na kupewa jina la Elizabeth Scholtz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeiongoza bustani ya mimea ya huko.

Mahali pa kupanda napo pamebadilika kwa sababu hiyohiyo ya jalidi. Ukuta unaotazama kusini, uliodhaniwa kuwa kinga, huamsha matumba mapema. Afadhali upande usiopata joto la mapema, ila uliokingwa na upepo. Mizizi ni minene na huvunjika kwa urahisi, hivyo mche hupandwa majira ya machipuko na hauhamishwi tena. Udongo uwe na tindikali kidogo na mboji ya kutosha, na shina lizungushiwe matandazo.

Kwa bustani ambayo jalidi huitembelea hadi Mei, chaguo salama ni Magnolia sieboldii ya Korea au virginiana zilizochaguliwa kwa ustahimilivu, kwa kuwa zote mbili hunukia na hufungua maua yake Juni.