Uso Wanautoa kwa Nani?

Mwaka juzi niliitwa katika kikao cha ukoo wa jirani yangu hapa Mkonze. Figo za kijana wao zilikuwa zimeshindwa kazi, na daktari amewaambia watafute mtoaji miongoni mwa ndugu wa damu. Mimi si tabibu, lakini kwa wazee wetu shahada ya uzamivu ni moja tu, nami nikatakiwa nieleze. Nilieleza kundi la damu, nikaeleza tishu, nikanyamaza. Ndipo mzee mmoja, mwenye ile alama ya Kigogo kwenye paji la uso, akaniuliza: “Mwalimu, figo nimeelewa. Nasikia Wazungu wanabadilisha hata uso. Huo wanautoa kwa nani?”

Nilimjibu vibaya. Najaribu tena hapa.

Historia ya upandikizaji ilianza kwenye ngozi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari kijana wa Kimarekani, Joseph Murray, alitibu askari walioungua, akaona jinsi mwili unavyoikataa ngozi ya mtu mwingine. Swali hilo halikumwacha. Desemba 1954, mjini Boston, alihamisha figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba ngozi ya mmoja inashika kwenye mwili wa mwingine. Kulingana kukamaanisha kufanana kabisa. Baadaye Mfaransa Jean Dausset akabainisha alama za tishu, zikaja na dawa za kutuliza kinga ya mwili, na mlango ukafunguka kwa wasio mapacha.

Barani kwetu mlango wa moyo ulifunguliwa Cape Town, chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Sote tunakumbuka Christiaan Barnard na moyo wa Desemba 1967. Wachache hukumbuka operesheni ya pili, ya Januari 2, 1968, ambapo moyo wa Clive Haupt, kijana aliyeandikishwa na serikali kuwa “chotara”, ulitiwa kifuani mwa Philip Blaiberg, daktari wa meno Mzungu. Haupt hakuruhusiwa kuketi benchi moja na Blaiberg, ila moyo wake uliruhusiwa kumweka hai kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Moyo hauonekani, labda ndiyo sababu.

Uso unaonekana. Novemba 2005, huko Amiens, Ufaransa, Isabelle Dinoire, aliyekuwa ameraruliwa na mbwa wake, alipandikizwa pua, midomo na kidevu vya mwanamke aliyefariki. Tangu hapo orodha ya masharti ikarefuka. Kundi la damu na tishu vilibaki, vikaongezwa jinsia, umri, upana wa mifupa, na rangi ya ngozi. Hapo ndipo sayansi ilipokutana na historia. Robert Chelsea, Mmarekani mweusi aliyeungua katika ajali ya gari mwaka 2013, alipewa nafasi ya uso mwaka 2018, akaukataa kwa kuwa ulikuwa mweupe mno kuliko wake. Alisubiri hadi Julai 2019 ndipo alipofanyiwa upasuaji Boston, katika hospitali iliyorithi ile ya Murray, akiwa na miaka 68. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata uso mzima.

Kwa nini kusubiri? Sababu moja ni kwamba familia nyingi za weusi huko huona shida kuidhinisha viungo vya marehemu wao. Tusiwalaumu haraka. Kule Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972, serikali yao iliwaacha mamia ya wanaume weusi waugue kaswende ili tu iwachunguze. Nasi tunayo yetu. Enzi za mkoloni, bibi zetu walificha watoto kwa hofu ya mumiani, aliyesemekana kunyonya damu za watu ili zitengenezwe dawa. Wasomi wengine huuita uvumi huo ujinga. Mimi nauona kama kumbukumbu ya watu ambao miili yao ilitumika bila kuombwa.

Sasa turudi Dodoma. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018 kwa msaada wa madaktari wa Japani, miezi michache baada ya Muhimbili. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Watoaji wamekuwa ndugu walio hai. Kwa hiyo kulingana kwetu huanzia kibarazani, kabla ya maabara: nani ameoa, nani ana watoto wadogo, nani aliwahi kusomeshwa na baba wa mgonjwa na bado hajalipa fadhila. Nimeona dada mtu akitazamwa na watu kumi na wanne bila neno. Hiyo nayo ni idhini, ingawa sijui niiite ya hiari.

Uso, mzee wangu, hautolewi na ndugu aliye hai. Hutolewa na maiti, na mwenye kauli ni familia, usiku uleule wa msiba.

Nilipomwambia hivyo baadaye, aligusa paji lake taratibu, pale penye alama aliyotiwa utotoni. “Basi na hii wangeichukua,” akasema. Kisha akaniuliza kama wanaorudi na uso wa marehemu hupita tena kijiji alichozikwa.

Dada mtu alikwenda kupimwa Jumatatu iliyofuata.