Kinoo cha Wembe: Jiwe la Ardennes na Elimu ya Mkono

Katika lugha yetu chombo cha kunolea kimepata jina lake kutokana na kazi yake: kunoa, kinoo. Jina hili halisemi kama chombo hicho ni cha jiwe, cha chuma au cha udongo uliochomwa. Lasema tu kwamba ni kitu kifanyacho kazi ile. Nimekusudia kuonyesha katika makala haya kwamba maana iliyomo katika jina hilo ndiyo historia yenyewe ya mawe ya kunolea nyembe. Jiwe halizaliwi kinoo. Huwa kinoo likipata mtu awezaye kulichagua na kulitumia, na likimkosa mtu huyo hurudi kuwa jiwe.

Nyembe ninazozitaja hapa ni zile za kukunja, zenye bapa refu lifichwalo ndani ya mpini. Wembe wa namna hiyo haunolewi kwa kila jiwe. Jiwe la kunolea shoka au kisu cha jikoni lina chembe kubwa, nalo huacha meno katika makali. Makali yenye meno huikata nyama vizuri, lakini hulikwaruza shavu. Wembe wahitaji jiwe ambalo chembe zake ni ndogo na ngumu, tena zimelingana.

Watu wa kale waliyajua haya. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliyataja mawe ya kunolea katika kitabu chake kikubwa cha mambo ya maumbile. Yafaa tuangalie jinsi alivyoyapanga. Alitaja nchi yalikotoka, lakini aliyagawa pia kwa kutazama kile kinachotiwa juu yake wakati wa kazi: mengine hutumiwa kwa mafuta, mengine kwa maji, na mengine, katika maduka ya vinyozi, kwa mate. Mawe ya namna hii ya mwisho aliyasifu yale ya Uhispania. Basi tangu zamani hizo jiwe halikuelezwa peke yake; lilielezwa pamoja na desturi ya mkono unaolitumia. Hata jiwe mashuhuri la Arkansas, katika Marekani, liitwalo novakuliti, jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya wembe.

Katika mawe yote ya Ulaya yaliyosifiwa kwa kazi hii, nachagua moja liwe mfano: kotikule, jiwe la rangi ya maziwa au ya manjano hafifu, lichimbwalo katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, karibu na Vielsalm na Salmchâteau. Lilitokana na matope yaliyotulia chini ya bahari kiasi cha miaka milioni 480 iliyopita, kisha yakagandamizwa na kupashwa joto ardhini. Katika matope yale yenye manganizi vilizaliwa vito vidogo vya garneti, vingi sana, ambavyo upana wake kwa kawaida ni kati ya sehemu 5 na 20 za elfu ya milimita. Vito hivi vina pande nyingi, hata umbo lake lakaribia mviringo. Kwa hiyo huila chuma bila ya kuichimba sana, na hiyo ndiyo sababu ya ulaini wa makali yatokayo hapo.

Lakini maumbile hayakumrahisishia mchimbaji kazi. Kotikule hukaa katika matabaka membamba, mengine ya sentimita chache tu, yaliyobanwa baina ya mawe ya buluu na zambarau. Wachimbaji waliyatambua matabaka hayo moja moja na kuyapa majina, kama La Veinette, La Grosse Blanche na La Dressante, maana jiwe la tabaka hili halikuwa sawa na la tabaka lile. Kwa kuwa jiwe la manjano lilikuwa jembamba na rahisi kuvunjika, waliliacha lishikamane na jiwe la buluu lililozaliwa nalo, au waliligundisha juu ya kipande cha jiwe lingine. Vipande visivyopatikana kwa umbo la mstatili havikutupwa, bali vilisawazishwa uso na kuuzwa kwa bei ndogo. Kinyozi aliyenunua jiwe lile katika mji wa mbali alinunua, pamoja na jiwe, hukumu ya watu asiowajua.

Matumizi yake nayo ni elimu. Kwanza maji hutiwa juu ya jiwe, kisha husuguliwa kwa kijiwe kidogo cha jinsi ile ile hata kutoke uji mweupe. Wembe hulazwa, mgongo na makali yakiligusa jiwe kwa pamoja. Hivyo mgongo wenyewe huyaongoza makali yasipande wala kushuka. Husukumwa makali yakitangulia, kisha hugeuzwa juu ya mgongo wake na kurudishwa. Uji mzito hula chuma upesi. Kadiri maji yanavyoongezwa, kazi huwa ya polepole na makali huwa laini zaidi. Mwisho huja ukanda wa ngozi. Ni lini maji yaongezwe? Hapana kipimo, sikio na kidole ndivyo vinavyojua.

Mwaka 1903 King Camp Gillette alianza kuuza katika Marekani wembe mwembamba wa kutumiwa na kutupwa. Mwaka huo wa kwanza ziliuzwa nyembe 51 na bapa 168 tu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambamo askari wa Marekani walipewa nyembe za namna hiyo kwa mamilioni, biashara ya vinoo vya nyembe ilianza kufifia. Machimbo ya Ardennes yalipungua moja baada ya jingine, na kijiji cha Salmchâteau kikapata makumbusho ya jiwe ambalo zamani kilikuwa kikilisafirisha. Tangu miaka ya 1990 uchimbaji umeanza tena kwa kiasi kidogo, na wapo watu wanaoyatafuta mawe ya kale na kuyalipia bei kubwa.

Wapenzi hao wastahili shukrani, lakini wamo wa namna mbili. Mmoja hulitia jiwe katika kabati, mwingine hulitia maji. Wa kwanza ameokoa kitu. Wa pili ameokoa kitu na maana yake. Kinoo kisichonoa kimepoteza jina lake, ijapokuwa uzito wake haukupungua.

Jambo hili latugusa sisi wanafunzi wa lugha. Wahenga wetu walisema: kinolewacho hupata. Kijana aliyezoea wembe wa kutupwa huenda asijue kwamba kupata, katika methali hii, ni kuwa na makali. Wembe wake haukunolewa kamwe mbele ya macho yake, na kwa hiyo hakuna aliyemwambia kwamba wembe hupata. Hivyo ndivyo kazi ikiondoka inavyoondoka na maneno yake. Yatupasa, kabla ya kuandika sherehe ya methali, tukae karibu na wanoaji waliobaki, tutazame mikono yao, na kuwauliza kila kitendo wanakiitaje.