Tiketi Inaanzia Mombasa, Safari Inaanzia Garsen

Leo tuweke kando lugha za programu, tuangalie historia ya kitu ambacho wengi tunakitumia bila kujiuliza kilitoka wapi: kupanga safari ndefu ya ng'ambo, yaani kukata tiketi ya ndege na kuweka nafasi ya mahali pa kulala. Nitaitazama historia hiyo kutoka Garsen, kwenye Mto Tana. Kwa nini Garsen? Kwa sababu ukiwa Nairobi mfumo huu unaonekana hauna kasoro. Ukiwa Garsen unaona mara moja pengo lake liko wapi.

Mfumo wa tiketi haujui miji, unajua misimbo ya herufi tatu. Mombasa ni MBA, Malindi ni MYD, Lamu ni LAU. Hata Hola, makao makuu ya kaunti ya Tana River, ina msimbo wake, HOA, ingawa kuwa na msimbo si sawa na kuwa na ndege ya kukata tiketi. Kwa hiyo mtu wa Garsen anayekwenda likizo Istanbul, Muscat au London huonekana na kompyuta kama mtu wa Mombasa au wa Malindi. Kilomita takriban 110 za kutoka Garsen hadi Malindi, na nyingine kama 120 hadi Mombasa, hazimo kwenye hesabu.

Zamani hazikukosekana.

KALENDA YA UPEPO

Kabla ya meli za moshi, mpango wa safari ya mbali katika pwani yetu ulikuwa kalenda. Kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi iliyafuata na kuyarudisha, ila katikati ya kusi kali bahari ilifungwa na hakuna nahodha mwenye akili aliyetoka. Aliyetaka kwenda Maskati au kuhiji hakuuliza "bei ya leo ni ngapi?" Aliuliza "upepo unageuka lini?" kisha akahesabu kurudi nyuma.

Kwa watu wa Tana hesabu hiyo ilianzia mtoni. Mtumbwi uliteremka na maji, ukapita mfereji wa Belezoni uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na mto Ozi, ukafika Kau na Kipini, na hapo ndipo palipokuwa na chombo cha baharini. Ukichelewa mtoni ukakosa jahazi, hukungoja ndege ya kesho. Uliweza kungoja msimu mzima. Kwa hiyo kipande cha kwanza cha safari kilipewa muda mwingi kuliko vyote.

Na malazi? Hayo yalikuwa na mfumo wake. Mfanyabiashara aliyefika Lamu au Mombasa alikuwa na mwenyeji wake, mtu wa kumlaza na kumdhamini mpaka upepo ugeuke. Aliyefika Makka alipokewa na mutawwif, wakala aliyehudumia mahujaji wa nchi fulani: nyumba, chakula na kuongozwa katika ibada. Hapakuwa na malipo ya kadi wala kuandika nyota tano. Palikuwa na jina la mtu, na jina hilo lilirithiwa na watoto.

MELI NA BARUA

Mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kuja Zanzibar kutoka Aden. Kwa mara ya kwanza safari ya mbali ikawa na ratiba iliyochapishwa, isiyotegemea upepo. Mwaka 1887 wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walianza kazi Ngao, karibu na Garsen ya leo, na kati ya 1888 na 1891 Ujerumani ilikuwa na posta yake Lamu. Ulaya hadi pwani ilikuwa na tarehe. Kutoka pwani kwenda Ngao bado ilikuwa mashua, mtumbwi na hali ya mto. Tazama mgawanyiko huo vizuri, maana ndio ulioingia baadaye ndani ya kompyuta: upande mmja wa safari una ratiba, upande mwingine una bahati.

KOMPYUTA INAINGIA

Miaka ya 1950 mashirika ya ndege yaliandika nafasi kwenye kadi za karatasi, na kuthibitisha kiti kimoja kuliweza kuchukua saa nzima na zaidi. Mwaka 1953 C. R. Smith, rais wa American Airlines, alikaa ndani ya ndege pamoja na Blair Smith, muuzaji wa IBM. Mazungumzo yao yalizaa SABRE, mfumo uliofanya kazi kikamilifu mwaka 1964 kwa kompyuta mbili za IBM 7090. Mawakala wa safari waliunganishwa nao kuanzia 1976. Ulaya ilijibu mwaka 1987: Air France, Iberia, Lufthansa na SAS wakaanzisha Amadeus.

Kiini cha mifumo hii ni rekodi moja ya abiria yenye alama sita, zile herufi na tarakimu unazoziona kwenye tiketi yako hadi leo. Ndani yake kuna vipande vya safari vilivyopangwa kama shanga kwenye uzi: MBA hadi NBO, NBO hadi IST, na kurudi. Kila kiwanja kina jedwali la muda wa chini wa kuunganisha. Ukikata tiketi moja na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linawajibika kukutafutia nyingine. Huo ndio uzuri wa uzi.

Ubaya wake ni huu: usipotokea kwenye kipande cha kwanza, kwa kawaida shirika linafuta vyote vinavyofuata, hata cha kurudi. Kwa kompyuta hiyo ni akili, kwa kuwa kiti kisichokaliwa kiuzwe kwa mwingine. Haiulizi kwa nini hukuja.

Mengine yalikuja haraka. Expedia ilianza 1996 chini ya Microsoft, na mwaka huo huo Booking.com ikaanza Uholanzi. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa. Tarehe 1 Juni 2008 IATA ilimaliza tiketi za karatasi. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Mtu wa Garsen mwenye simu akaweza kuwa wakala wake mwenyewe. Wakala wa zamani akaondoka, na pamoja naye likaondoka swali alilokuwa akiuliza: "Mto ukoje huko kwenu?"

KIPANDE KISICHO NA MSIMBO

Tana ni mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, na maji yake yanatoka Mlima Kenya na Aberdare. Ndiyo maana Garsen inaweza kufurika jua likiwaka. Kabla ya daraja watu na magari walivuka hapo kwa kivuko, na mto ukijaa safari ilisimama. Mafuriko makubwa yalikuja 1961, tena 1997 na 1998 wakati wa El Niño. Daraja na lami vimesaidia sana, lakini havikumaliza tatizo. Mwishoni mwa 2023 maji yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Aprili 2024, kwa wanaopita Hola na Garissa kwenda Nairobi, basi lenye abiria 51 lilikwama ndani ya mafuriko, wote wakaokolewa.

Abiria kama hao wakikosa ndege, mfumo unaandika neno moja tu: hakutokea. Hoteli nayo inaandika hivyo hivyo na kukata pesa ya usiku wa kwanza, pengine zote.

Je, ni lazima iwe hivi? Hapana. Stesheni kuu ya treni ya Köln, Ujerumani, ina msimbo wa ndege: QKL. Lufthansa huuza treni ya Köln hadi kiwanja cha Frankfurt kama kipande cha tiketi, na treni ikichelewa abiria hubadilishiwa ndege. Kwa hifadhidata, stesheni ya basi ni safu moja zaidi katika jedwali. Kinachokosekana Garsen ni kampuni ya basi na shirika la ndege kukubaliana nani abebe hasara mto ukijaa. Leo hasara hiyo anabebeshwa mtu mmoja, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

BASI TUFANYEJE?

Mpaka makubaliano hayo yaje, tupange kama wazee wa majahazi, kwa kuanzia mtoni.

1. Angalia kalenda ya maji kabla ya kalenda ya bei. Tiketi rahisi ya Mei au Novemba inaweza kuwa ghali kuliko zote.
2. Lala Malindi au Mombasa usiku mmoja kabla ya kuruka, na wakati wa mvua usiku mbili. Hesabu gharama hiyo kuwa sehemu ya tiketi.
3. Kuanzia Mombasa weka vipande vyote kwenye rekodi moja. Tiketi mbili za bei poa zisizojuana hazilindani.
4. Chagua malazi unayoweza kufuta bure, na kumbuka saa ya mwisho ya kufuta ni saa ya kule hoteli ilipo.
5. Viza kwanza. Ya Schengen hutaka uonyeshe mpango wa ndege na malazi kabla hujajibiwa, kwa hiyo tumia nafasi zinazofutika, usilipie kisichorudishwa.

Nasi tunaoandika programu za safari hapa Afrika Mashariki tuna kazi. Sehemu ya "unatoka wapi" isikubali viwanja tu. Ikubali Garsen, Minjila, Witu na Kipini, kisha imwambie mtu ukweli: uondoke lini, ulale wapi, na barabara ikikatika nani wa kumpigia. Nahodha wa Kipini aliyajua hayo yote bila kompyuta.