Simu na nyendo za matineja katika Mji wa Kale

Kabla ya simu za kisasa, mtafiti aliyetaka kujua jinsi tineja anavyoitumia siku yake alimpa daftari aandike mwenyewe: alitoka nyumbani saa ngapi, alikwenda wapi, alirudi lini. Mengi yalijazwa usiku, kwa kukisia. Simu haisahau. Hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne na kukadiria ilipo, kwa kawaida ikikosea mita tano hivi penye uwazi.

Nchini Kenya, utafiti mashuhuri wa nyendo za simu ulichapishwa mwaka wa 2012 katika jarida la Science. Wataalamu walichunguza simu za watu karibu milioni 15, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, ili kubaini wasafiri wanavyoeneza malaria. Wao, hata hivyo, walitegemea minara ya mawasiliano. Mnara waweza kueleza kuwa mtu ametoka Mombasa kwenda Kisumu. Si kwamba ametoka Kibokoni kwenda Makadara.

Katika Mji wa Kale hata setilaiti hutatizika. Vichochoro ni vyembamba, nyumba ni za ghorofa, kuta za mawe ya matumbawe ni nene. Mawimbi huzibwa, au hugonga ukuta huu na kurukia ule kabla ya kuifikia simu, nayo ikajihesabu iko nyumba ya pili. Hapa kosa la mita kumi latosha kumtoa mwanafunzi madrasa na kumketisha barazani kwa jirani. Tena simu yenyewe huenda iko mkononi mwa kakake.

Lipo na suala la siri, nalo ni zito zaidi. Utafiti wa mwaka wa 2013, uliohusu watu milioni moja na nusu, ulionyesha kuwa alama nne tu za mahali na saa zatosha kumbainisha mtu kwa asilimia 95, hata jina likifutwa. Katika mtaa ambamo kila mtu ajua mtoto wa nani hupita saa ngapi, pengine mbili zatosha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu mahali alipo mtu kuwa kitambulisho chake, na kifungu cha 33 kinakataza kushughulikia data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Mtafiti mwadilifu humwomba kibali tineja mwenyewe pia. Naye, kabla ya kukubali, ana haki ya kuuliza ni nani ataiona ramani hiyo: mtafiti peke yake, au pia baba na mwalimu.