Saida Karoli na Kihaya Kilichovuka Ziwa

Mwaka 2016 nilikuwa kidato cha pili wakati Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa "Salome". Shule nzima ikawa inaimba. Bwenini, kijana mmoja wa Dar akaniambia eti wimbo ule Diamond kautunga mwenyewe. Nikamcheka. Lakini aliponitaka nimweleze wimbo wa asili unasema nini, mimi Mhaya wa Kamachumu nikababaika. Nusu ya maneno sikuyajua.

Likizo nilipofika nyumbani Muleba nikamwuliza bibi. Akaweka kisu na ndizi chini, akaniimbia "Maria Salome" wote huku anapiga makofi. Kumbe kaseti anayo mpaka leo, redio ya kuipigia ndiyo iliyokufa.

Saida Karoli alizaliwa mwaka 1976 huko Bukoba vijijini, na ngoma alifundishwa na mama yake. Mwaka 2001, chini ya mtayarishaji Felician Muta, ikatoka albamu iliyompa jina, ile watu waliyoiita "Chambua kama karanga". Hapo ndipo pa kushangaa. Tangu enzi za Redio Tanzania tulizoea kusikia Kiswahili, na miaka ile vijana walikuwa wameshikwa na bongo fleva. Huyu dada akaja na ngoma na Kihaya chake, akachezwa Mwanza, Dar, akavuka mpaka Uganda, Rwanda na Burundi! Mnyankole wa Mbarara angeweza kuokota neno hapa na pale, maana lugha zetu ni ndugu. Mzaramo je? Nadhani ilikuwa kama wazee wetu na Jim Reeves wa Marekani: Kiingereza hawakijui, ila uchungu wa sauti wanauelewa.

Baadaye akapoa kwa miaka, mpaka hiyo "Salome" ilipomrudisha midomoni mwa watu. Mwaka 2017 akatoa "Orugambo", yaani maneno ya watu, umbeya. Jina lenyewe linajieleza.

Mimi sasa naandika riwaya, na wazee wa ndani yake lazima waseme Kihaya. Ukurasa wa kwanza nilimsomea bibi. Akasahihisha maneno manne. La tano akalifikiria sana, akasema hata yeye kalisahau, nimwulize jirani.