Rada ya Kupenya Ardhi na Udongo wa Mbuga: Hoja Kutoka Nkololo, Bariadi

Upo mtazamo kwamba rada ya kupenya ardhi, yaani chombo kinachorusha mawimbi ya sumakuumeme ardhini na kunasa mwangwi wake, inaweza kuchukua nafasi ya pete za kupimia unyonyaji wa maji kwa kuwa hupima haraka na bila kuchimba. Makala haya yanadai kwamba mtazamo huo, ukipelekwa mzimamzima Nkololo, wilayani Bariadi, utapotosha pale hasa ambapo majibu yanahitajika zaidi, yaani kwenye mfinyanzi wa mbugani.

Msingi wa kifizikia haubishaniwi. Kigezo cha dielektriki, ambacho kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo mawimbi yanavyopungua kasi, ni karibu 80 kwa maji na 3 hadi 5 kwa mchanga mkavu. Kwa mlinganyo wa Topp, Davis na Annan wa mwaka 1980, kigezo cha 5 huashiria unyevu wa takriban asilimia 8 ya ujazo wa udongo, na kigezo cha 20 takriban asilimia 35; unyonyaji hukadiriwa kwa kufuatilia jinsi unyevu huo unavyobadilika.

Ubishi huanzia kwenye udongo wenyewe. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, alieleza katika miaka ya 1930 dhana ya katena, yaani mfuatano wa udongo unaojirudia kutoka kilimani hadi bondeni, lakini wakulima wa Kisukuma walikuwa na majina yao: luseni, wenye mchanga, itogolo, wenye tabaka gumu chini, na mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni. Kwenye luseni rada hufanya kazi vizuri, na hapo hakuna la kubisha.

Mbugani mambo ni mengine. Mfinyanzi ulioloa hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo nguvu ya mawimbi humezwa kabla ya kufika mbali, mara nyingi ndani ya mita moja. Isitoshe, sehemu ya maji hushikwa na chembe za mfinyanzi kiasi cha kutoitikia mawimbi kama maji huru, na mlinganyo uliotajwa huweza kukadiria unyevu pungufu. Zaidi ya yote, udongo huu hupasuka kiangazi, na mvua za kwanza hupita kwenye nyufa hadi chini huku udongo wa kati ukibaki mkavu. Baadaye hufura, nyufa hufunga, na unyonyaji hushuka mno. Fasiri inayodhani kwamba maji hushuka kwa usawa kama tabaka moja haiwezi kuusoma mwenendo huo.

Watetezi hujibu kwamba masafa ya chini yatapenya zaidi. Hata hivyo, kwa megahezi 100 na kigezo cha 20, urefu wa wimbi ni kama sentimita 67, kwa hiyo mabadiliko ya sentimita chache hayaonekani, na nguvu ya mawimbi inayomezwa na mfinyanzi bado humezwa.

Kwa hiyo ramani ya unyonyaji iliyochorwa kwa rada pekee haifai kusanifia malambo wala majaruba ya mpunga mbugani. Pete na sampuli za udongo, zilizopimwa kabla na baada ya nyufa kufunga, ziendelee kutumika.