Laika na Kovu

Ukimtazama kwa taamuli mzee wa Kigogo hapa Dodoma, mmoja wa wale waliotiwa zamani alama ya mviringo katika paji la uso, utaona kwamba kovu lile ni laini mno, halina laika hata moja. Laika, wala si malaika wa mbinguni, ndilo jina la unywele mwororo wa mwilini. Wingi wake, malaika, umesadifu kufanana na neno la Kiarabu la hao wa mbinguni, hata mtu aweza kudhani asili ni moja.

Vinyweleo, yaani vitundu yaotamo malaika hayo, huumbwa tumboni mwa mama, na jeraha kubwa likifunga, mwili hulitia kiraka cha nyuzi tu, bila ya kuvirejesha. Lakini panya wa miiba wa Kenya, ambaye habari zake Ashley Seifert na wenziwe walizitangaza mwaka 2012, akikamatwa humwachia adui kipande cha ngozi, kisha ngozi ile humrudia pamoja na vinyweleo vyake. Sisi tunapona, yeye, nadhani tuseme, huota upya.